Mliong'oa dishi mkahamia kutazama kwa intaneti, tupeane uzoefu

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, jana nimepanda juu ya bati nikang'oa dishi. Nimechoka kulipia kifurushi cha mwezi, umeme unakatika siku tatu, king'amuzi kinaendelea kuhesabu tu. Nina TV smati na mkonga wa intaneti umeshafika nyumbani. Waliotangulia, huko mbele kukoje? (Na mvua ya usiku imenikumbusha kuwa matundu manne ya skrubu sijayaziba.)

Mtoto wa Temeke: Umenikumbusha mbali. Nilihama Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, Arsenal wako Old Trafford, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimewaita washkaji wanne waje waone maendeleo, waachane na kibanda umiza. Kumbe siku hiyohiyo nyaya za baharini zinazotuletea intaneti zimepata hitilafu, EASSy na Seacom kwa mpigo. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nazima ruta, nawasha. Nahamia hotspoti ya simu, wapi, hata WhatsApp inaonyesha kisaa, tiki moja hamna. Mara kibandani kukalipuka: Trossard, dakika ya 20. Kwangu kiduara. Washkaji wakanyanyuka mmojammoja, wa mwisho akaondoka na soda yake. Nikawafuata. Nimelipa buku, nikasimama mlangoni nyuma ya jamaa mrefu mpaka filimbi ya mwisho, moja bila.

Bakari wa Makorora: Nakazia. Siku ile wenye madishi walitucheka sana.

Mama Wawili: Hata mtandao ukiwa mzima, goli linakufikia limepoa. Fainali ya Qatar, Mbappe kafunga dakika ya 80 na ya 81. Mimi bado naangalia marudio ya penalti, mtaa ushashangilia la pili. Siku hizi mechi natazama nimefunga madirisha, na joto hili la Dar.

Dogo Janja wa Kitaa: Mnalipia nini nyie? Kuna programu za bure, mechi zote zimo.

Bakari wa Makorora: Zina matangazo ya kamari yanayofunika nusu uwanja. Halafu huo ni wizi.

Dogo Janja wa Kitaa: Wizi? King'amuzi chako kwani kina jina la nani?

Bakari wa Makorora: La shemeji. Lakini kinalipiwa.

Niliyechoka: Nyie mnalilia mpira. Sisi tulitoa dishi mwaka jana, tukawa na akaunti moja ya familia. Mume kasafiri kikazi Dodoma, wiki nzima. Usiku nafungua tamthilia yangu ya Kikorea, nipo sehemu ya 4. Kwenye "endelea kutazama" naona sehemu ya 9, imeachwa katikati. Mume wangu Kikorea hakitaki hata kukisikia. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa: kuna TV nisiyoijua, imetumika saa sita usiku. Nikazima taa, nikakaa gizani na rimoti mkononi.

Mama Wawili: Uwiii! Dada, endelea.

Dogo Janja wa Kitaa: Chai hii. Ila sukari imekolea.

Mtoto wa Temeke: Labda ni TV ya gesti, mkuu anajiliwaza tu.

Mama Wawili: Gesti gani ya kukaa mpaka sehemu ya 9?

Fundi Wenu: Turudi kwenye mada. Bando la simu halitoshi, picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, shusha ubora. Na dishi usiuze. Bimkubwa akija kutoka kijijini atataka taarifa ya habari ya saa mbili, utamwambia asubiri kiduara?

Bakari wa Makorora: Uza, fundi anatafuta kazi ya kulirudisha.

Mama Wawili: Niliyechoka yuko wapi jamani?

Niliyechoka: Nipo. Nilibadilisha neno la siri. Kesho yake akapiga mwenyewe, "mbona akaunti haifunguki?" Nikamuuliza, haifunguki wapi? Simu ikakatika.

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, matundu ya bati nizibe na nini? Wingu limeshatanda.