Mgombea na mimbari: mipaka iwe wapi?

Muulizaji, Malindi: Ndugu zangu katika Kristo, mgombea mmoja ameomba kuwasalimu waumini Jumapili na kuchangia ujenzi wa kanisa letu. Je, tumkubalie?

Jibu: Apokewe kama muumini yeyote, lakini asipewe kipaza sauti, kwa kuwa Kanisa la Anglikana la Kenya lilikwisha kukataza hotuba za siasa ibadani mwaka 2021. Mchango nao si jambo dogo: Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Nairobi, aliagiza fedha alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto, mtaa wa jiji hilo, zirudishwe.

Jibu: Naafiki, ila tusinyamaze kabisa. Baada ya maafa ya Shakahola karibu na Malindi, ya waumini waliokufa kwa kufunga kula, yaliyofichuka 2023, kanisa la huku kwetu haliwezi kusema kwamba mambo ya serikali hayalihusu.

Muulizaji: Basi nitawashauri wazee tumwalike ukumbini baada ya ibada, pamoja na wapinzani wake, waulizwe mambo ya serikali yanayotugusa, kama ardhi.