Droni za MONUSCO Beni: zilisaidia au zilipiga picha tu?

Kibarabara: Wakuu, MONUSCO, ile misheni ya UN ya kulinda amani Congo, ilizindua droni zake Goma, Desemba 3, 2013. Falco za Kiitaliano, hazina silaha, kazi yao kuchungulia tu. Waasi wa M23 walikuwa wameshatimuliwa mwezi mmoja kabla. Mauaji ya raia Beni, mashariki mwa Congo, yakaanza Oktoba 2014, droni zikiwepo. Sasa humu kila siku nasoma JWTZ, jeshi letu la Tanzania, ijaze droni mpaka wa Ruvuma na Msumbiji, na senso za ardhini, vile vidude vinavyofukiwa vikasikia mtikisiko wa nyayo. Kwa tuliyoyaona Congo, hizo hela zinakwenda kihalali?

Mzee wa Kyela: Umeruka Ziwa Kivu. Mei 2014 boti ilizama, droni ikaona, watu wakaokolewa. Nenda ukawaulize hao kuhusu hela.

Mwana Beni: Mzee, boti iko peupe juu ya maji. Kwetu ni msitu. Wauaji wanatembea watano, sita, usiku, chini ya miti, na panga. Kamera itaona majani. Tena droni yenyewe inalia kama pikipiki, hata mtoto anajua imefika. Mtu anasimama chini ya mti, ikipita anaendelea na safari. Na ikimwona? Picha inaenda Goma, Goma wanakaa kikao, askari wanangoja amri. Asubuhi sisi tunachimba makaburi. Na hao wa MONUSCO, Watanzania wakiwemo, wamelala kambini.

Sungusungu: Wamelala? Hebu rudia hapo. Semuliki, huko huko Beni, Desemba 7, 2017, vijana wetu 14 waliuawa kwenye kambi yao, na hesabu ikaja kufika 15. Walipigana saa nyingi bila msaada. Huo ndio usingizi?

Pwani Mchangani: Ndugu zangu, huku Lamu Wamarekani walikuwa na ndege za uchunguzi, si moja, zimeegeshwa kambi ya Manda Bay. Januari 5, 2020, alfajiri, Al-Shabaab wakaingia wakazichoma pale pale uwanjani. Wamarekani 3 wakafa. Macho yote Somalia, adui yuko uani.

Sungusungu: Ya Lamu sijauliza. Aliyesema wamelala afute.

Mwana Beni: Sifuti. Nilisema kambini, Semuliki umeileta wewe. Mimi nimezika watu wa ukoo wangu. Wewe maiti zako umezisoma gazetini.

Sungusungu: Kijana wa mtaa wetu alirudi kwenye sanduku lenye bendera. Mama yake bado anauza vitumbua pale stendi. Gazeti gani hilo?

Mzee wa Kyela: Vijana, taratibu. Uchunguzi wa UN wenyewe, 2018, ulisema misheni haikuwa na mpango wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa pale, usafiri wa anga na taarifa za kijasusi vilipelea, na mafunzo nayo yalikuwa na mapengo.

Sungusungu: Katika yote hayo umeona umalizie na mafunzo. Mzee na wewe!

Mzee wa Kyela: Nimetaja manne, umesikia moja.

Kibarabara: Jamani, mada. Taarifa zilipelea na droni walikuwa nazo tangu 2013. Hilo ndilo swali langu. Na senso je?

Fundi Redio: Senso Wamarekani walizimwaga kwenye njia ya Ho Chi Minh, ya kupitishia askari na silaha za Vietnam Kaskazini, kule Laos, miaka ya sitini mwishoni, kompyuta ziko Thailand. Wavietnam wakatundika ndoo za mkojo mitini kuzichanganya.

Pwani Mchangani: Mkojo ulikuwa wa kudanganya kile chombo cha kunusa watu, kilichofungwa kwenye helikopta. Senso ya mtikisiko itaujulia wapi mkojo?

Fundi Redio: Haya, profesa. Njia ilifungwa au haikufungwa?

Pwani Mchangani: Haikufungwa.

Fundi Redio: Basi tuachie ndoo zetu.

Mwana Beni: Fukia senso hifadhi ya Virunga, kwetu, uone. Tembo akipita, kengele. Kiboko akipita, kengele. Mama akienda shamba, kengele, na huyo ndiye atakayepigwa risasi.

Sungusungu: Hapo kwa mama wa shamba nakubaliana na wewe. Ila neno lako bado hujafuta.

Mwana Beni: Na sitafuta.

Kibarabara: Sawa. Na betri za hizo senso, huko msituni, atakwenda kubadilisha nani?