Naomba ushauri: kamati ya maliasili haisomi mapato, na miti inabanduliwa magome

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mfugaji nyuki huku Sikonge, Tabora, na juzi nimeingizwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Msitu wetu ni wa hifadhi ya kijiji, kwa hiyo kwa Sheria ya Misitu ya 2002 ushuru wa mazao yake tunakusanya wenyewe. Shida ni kwamba kitabu cha stakabadhi anakaa nacho mtu mmoja nyumbani kwake, na mapato hayajasomwa tangu mwaka juzi. Ukiuliza unaambiwa "subiri mkutano".

La pili ni mizinga. Wazee bado wanabandua magome ya miti ya miyombo ili kutengenezea mizinga. Ukipita unaukuta mti umesimama uchi, majani yamekauka. Mimi ninayo minane ya mbao (mitatu imeingiwa na siafu, ila hilo langu). Wanasema ya mbao ni ghali, na kweli ni ghali.

Mliopitia haya, mlianzia wapi kudai hesabu bila kugombana na kijiji kizima? Na chuo cha nyuki pale Tabora, wakufunzi wanakubali kuja kijijini au lazima tupeleke watu?