Kwa nini raha inashika nafasi ya tano katika Philebus?

Msomaji wa Jioni
Ndugu wanajukwaa, nimemaliza kusoma Philebus, kitabu cha majadiliano cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nikabaki na tatizo. Socrates anatetea maarifa dhidi ya Protarchus, anayeshikilia kwamba raha ndiyo jema kuu. Kisha wote wawili wanakubaliana kwamba maisha mema ni mchanganyiko wa raha na maarifa. Ikiwa vyote viwili vinahitajika, mbona mwishoni raha inasukumwa hadi nafasi ya tano?

Mzee wa Maktaba
Ndugu, rudi kwenye swali aliloulizwa Protarchus: je, angeridhika na raha kubwa kupita zote, lakini bila akili wala kumbukumbu? Asiyekumbuka raha ya jana, asiyeweza kukadiria ya kesho, na asiyejua hata kwamba sasa hivi anafurahi, huyo anaishi maisha ya chaza. Hata hivyo, mwenye maarifa yote asiyeonja raha wala maumivu naye hakuna anayemwonea wivu. Kinachogombewa baada ya hapo ni kipi kilicho karibu zaidi na kile kinachoufanya mchanganyiko uwe mzuri, na ndiyo maana kipimo kinatangulia, kikifuatiwa na ulinganifu na uzuri, kisha akili, kisha elimu na ufundi. Nafasi ya tano ni ya raha safi tu, kama ile ya kujifunza au ya kusikia sauti nzuri. Raha ya mwenye upele anayejikuna, ambayo haitenganiki na maumivu, haimo kabisa.

Mtetezi wa Bustani
Kwa heshima, Mzee, hoja ya chaza inaishinda raha isiyo na ufahamu, ambayo sidhani kama kuna mtu makini aliyewahi kuitetea. Mwanafalsafa Epicurus, aliyeanzisha shule yake iitwayo Bustani huko Athens mnamo mwaka 306 KK hivi, alifundisha kwamba haiwezekani kuishi kwa raha bila kuishi kwa busara. Kwake busara ni ya lazima, ila raha inabaki kuwa lengo.

Msomaji wa Jioni
Nawashukuru nyote. Nimeisoma upya sehemu ya mchanganyiko, ambamo raha ni chemchemi ya asali na maarifa ni chemchemi ya maji. Socrates, kama bawabu aliyezidiwa na umati, anazifungulia mlango elimu zote, hata zile zisizo na uhakika kamili. Lakini zamu ya raha inapofika, maarifa yenyewe yanaulizwa ni zipi ziingie, nayo yanazikataa zile kali kuliko zote. Raha hazikupewa nafasi ya kuyachuja maarifa.