Datsun 240Z inagonga mbele, nianze na nini?

Kijana wa Meru: Wakuu, heshima kwenu. Nina Datsun 240Z, lile gari la michezo la Kijapani, ya mwaka 1972 aliyoniachia marehemu baba, ipo hapa Arusha. Nikishika breki linavuta kushoto na usukani unatetemeka. Kwenye matuta linagonga. Nimelipiga jeki, tairi la kulia nikilishika juu na chini linacheza. Fundi anataka ang'oe kila kitu aweke bushi (vile vipete laini kwenye maungio ya vyuma) ngumu za poliyurethani, aina ya plastiki. Gari hili sitaki kulibahatisha. Nishaurini.

Fundi Mstaafu: Mdogo wangu, usinunue kitu kabla ya kupima. Mtu akanyage breki huku wewe unalitikisa hilo tairi. Likitulia, angalia beringi. Likiendelea kucheza, boli jointi, kile kiungo cha mviringo kinachoruhusu tairi kukata kona, imekwisha.

Kuvuta kwenye breki nashuku bushi za ile fimbo inayotoka mkono wa chini (chuma kinachoshika tairi kwa chini) kwenda nyuma kushika bodi. Hapo nakuomba sana, weka za mpira. Fimbo ile lazima ipate kuinama gari likipanda na kushuka. Ukiibana kwa bushi ngumu mbele na nyuma, chuma kinachoka na kinaweza kukatika, na breki ndiyo inayokisukuma zaidi.

Boliti za bushi za mikono ya chini zikaze mwisho, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa kwenye stendi, mpira unajinyonga likishuka na unapasuka mapema.

Zed wa Nairobi: Naunga mkono mpira. Gari lililochukua Safari Rally 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta linastahili kazi safi. Badilisheni na tairodi endi (ncha za fimbo za usukani), kisha alaimenti, yaani kunyoosha matairi. Fundi asikuuzie marekebisho ya kemba (mlalo wa tairi juu na chini), 240Z ya kiwandani haina, inarekebishwa too (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) peke yake. Na springi zisifunguliwe bila kibanio chake, zinaua.

Kijana wa Meru: Asanteni mno. Tumepima: tairi linacheza hata breki ikikanyagwa. Bushi za fimbo zimepasuka pande zote. Naagiza boli jointi mbili na bushi za mpira. Ila fimbo ya kulia tumeikuta imepinda kidogo, fundi anasema ataipasha moto ainyooshe.

Fundi Mstaafu: Asiiguse kwa moto. Tafuta nyingine, hata ya mtumba, mradi imenyooka na nyuzi zake nzima.