Seli za kiinitete zinajuaje ipi iwe mtoto na ipi iwe kondo la nyuma?

Mwalimu, Mtwara
Ndugu wanajukwaa, nafundisha baiolojia kidato cha sita. Juzi nilifinyanga vidonge vinane vya udongo kuonyesha kiinitete cha panya, na mwanafunzi akauliza: ikiwa seli zote nane zina jeni zilezile na zote zinagusa nje, nani huziambia kwamba baadhi zitakuwa mwili wa mtoto na nyingine kondo la nyuma? Nilijibu kwamba zinapeana ishara. Jibu hilo halikumtosha, wala mimi halikunitosha.

Mchangiaji, Lindi
Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Katika hatua hiyo seli za panya, zilizokuwa mviringo kama gololi, hujibana hata mipaka yake isionekane vizuri kwenye hadubini. Kinachozishikanisha ni protini ya E-kadherini, ambayo haishiki bila kalsiamu, kwa hiyo ukiiondoa kalsiamu hulegea tena. Zinapogawanyika kuwa 16, ndipo baadhi hujikuta zimezungukwa na wenzake. Mwaka 1967 watafiti Tarkowski na Wróblewska walipendekeza kwamba mahali seli ilipo ndipo panapoamua hatima yake. Siku hizi tunaujua mnyororo wenyewe: katika seli ya ndani ishara za Hippo (mfululizo wa protini zinazopokezana ujumbe ndani ya seli) huwaka na kuizuia protini ya YAP isiingie kwenye kiini cha seli, ilhali katika seli ya nje huzimwa, YAP ikaingia, ikashirikiana na protini ya TEAD4 kuiamsha jeni ya Cdx2, na seli ikashika njia ya kondo.

Mstaafu wa maabara, Mikindani
Naongeza la maungio. Sisi tuliokulia huku tumemwona fundi akikalafati jahazi, akishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao. Seli za nje nazo huzibana nafasi kati yao vivyo hivyo, ila jahazi huzuia maji yasiingie, na kiinitete huyazuia yasitoke: pampu za sodiamu husukuma ioni ndani, maji yakafuata kwa osmosi, na uwazi wa blastosisti, yaani kiinitete kilichokwisha kuwa kama mpira wenye maji ndani, ukatanuka. Yapo pia maungio yenye vitundu, yanayopitisha molekuli ndogo tu, lakini tusiwachanganye wanafunzi, kwani ishara ya Hippo haipiti humo. Hutegemea maungio ya kadherini.

Mwalimu, Mtwara
Ahsanteni sana. Je, kwa binadamu ni vilevile?

Mchangiaji, Lindi
Kujibana kupo, ila huchelewa kidogo, kati ya seli 8 na 16.

Mwalimu, Mtwara
Basi Jumatatu nitafinyanga vidonge 16, na kimoja nitakificha katikati.