Mrejesho: wufa iliyokuwa inanguruma kwa bedsita

Wale mlionijibu nilipouliza mbona wufa yangu (spika ya besi, zile sauti nzito) inanguruma hapa Kondele, Kisumu, asanteni sana. Kumbukeni chumba ni mita 3 kwa 3, wufa ilikuwa kwa kona nyuma ya mlango, na rhumba ikiwekwa kuna noti moja ya besi inavimba hadi sufuria zinalia kwa rafu. Sasa yule aliyesema niweke wufa pale kwa kiti ninapokaa halafu nitambae na magoti kando ya ukuta nikisikiliza, nilidhani ananicheza, lakini wueh! Kwa kona ni ngurumo tupu, ukisogea kando ya meza ya tivi noti zinaanza kusikika moja moja, so ndo imehamia hapo. Krosova, ile ya kuchagua wufa icheze sauti za chini ya kiwango gani, nimeteremsha hadi 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde), swichi ya fezi, ile ya kupindua mtetemo wa wufa ulingane na spika zingine, nikageuza digrii 180 besi ikapotea, nikarudisha 0. Na ile hesabu ya kujua noti gani itavimba kwa chumba cha ukubwa huu imeingia: sauti ni kama mita 343 kwa sekunde, gawanya na mara mbili ya mita 3, unapata 57 Hz hivi, hapo hapo penye ilikuwa inavimba. Foamu nyembamba za ukutani sikununua, hizo hazishiki besi. Jirani bado analalamika ohangla ikipigwa usiku, lakini hiyo si shida ya krosova.